Mwanaharamu Asipopita

Apolena Vondrova alikuwa anaanua mashuka alipomwona mwanawe akija kwa miguu kutoka stesheni, peke yake, koti la jeshi limefunguliwa vifungo. Wiki mbili nyuma alikuwa amemsindikiza stesheni hiyo hiyo na mkate mzima na soseji ndani ya mfuko. Redio ilikuwa imetangaza kwamba kila mwanamume wa umri wa kushika bunduki aripoti kambini, na vijana wa Zalesi walikwenda kama watu wanaokwenda harusini, wakiimba na kugongana mabega. Hakuna aliyesukumwa. Kule mpakani kulikuwa na ngome mpya za zege zilizojengwa kwa kodi za wazazi wao, na Wacheki wote waliamini kwamba Hitler akijaribu kuvuka, atavunjikia meno hapo.

Sasa Jarolim alipita langoni, akambusu mama yake shavuni, akaingia jikoni na kuketi juu ya sanduku la kuni. Alipowekewa supu alikula. Alipoulizwa kama ameumia, alitikisa kichwa.

"Kuta zilikuwa nene hivi, mama," alisema mwishowe, akapima kwa mikono. "Tumeambiwa tufagie, tufunge mlango, tuwaachie ufunguo. Hatukupiga hata risasi moja."

Baada ya hapo akanyamaza kama maji mtungini.

Mji mzima ulikuwa hivyo hivyo, kama nyumba iliyotoka kuzika. Wakubwa wa nchi nne walikutana Munich wakakubaliana kwamba ukanda wote wa mpakani, pamoja na milima yake na ngome zake, apewe Hitler, kwa kuwa wengi wa wakazi wake walisema Kijerumani, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliahidi kwamba akipata hapo hatataka tena pengine. Ufaransa iliyokuwa imeapa kuwalinda Wacheki iliweka sahihi. Uingereza iliweka sahihi, na waziri mkuu wake akapokewa kwao kwa vigelegele kwamba ameleta amani. Wenye nchi hawakuitwa mezani. Walipelekewa ramani.

"Wamemlisha mbwa mwitu mguu wetu," alisema Bi Kvapilova, jirani wa Apolena wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kupata homa. "Na sasa wanamsifu jinsi anavyotafuna kwa adabu."

Meya wa Zalesi, Prokop Kadlec, hakupenda maneno kama hayo. Alikuwa mjane mwenye duka la baiskeli na tumbo la mpenda bia, na upole wake ulipita kiasi: mteja akimgombeza, yeye ndiye aliyeomba radhi. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kwa Apolena na kola safi, akanywa kahawa, akatengeneza chochote kilicholegea nyumbani. Mwaka ule walikuwa wamekubaliana waoane Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, bata bukini wanapokuwa wamenona. Apolena alikuwa ameishi bila mume tangu kabla Jarolim hajazaliwa. Mumewe alifia vitani Italia ndani ya sare ya mfalme wa Austria, katika vita ambavyo Apolena hadi leo aliviita vita vya Wajerumani. Alimlea mwanawe kwa kufua nguo za watu. Sasa alitaka mtu wa kukaa naye jioni bila kelele, na upole wa Prokop ulimtuliza kama maji ya uvuguvugu kwenye mikono iliyopasuka.

Kwa hiyo Prokop alipokuja kumwomba apike supu ya wakimbizi, hakukataa. Alikataa alipojua ni wakimbizi gani.

"Wajerumani? Niwapikie Wajerumani?"

"Hawa ni wale wasiomtaka Hitler, Apolena. Watu wa vyama vya wafanyakazi. Wamekimbia kutoka milimani kabla jeshi lake halijaingia. Tumewalaza kwenye majani makavu pale ukumbi wa mazoezi."

"Si Wajerumani, hao?"

"Ni Wajerumani. Lakini wana njaa kama watu."

Alipika. Viazi, uyoga mkavu, jira. Alibeba ndoo mwenyewe hadi ukumbini, akagawa bila kumtazama mtu usoni, mpaka alipofika kwa mwanamke mmoja aliyeketi kwenye kona, amejifunika koti la mumewe, anakohoa ndani ya kitambaa ili asiwaamshe watoto wa wenzake. Hakukuwa na kingine kilichomgusa Apolena. Kilikuwa ni kile kitambaa tu, na jinsi alivyokibana mdomoni kwa mikono miwili kama anayeomba radhi kwa kuwa na kifua. Apolena alisimama na upawa mkononi.

"Huyu hawezi kulala hapa," alimwambia Prokop. "Sakafu hii itamuua."

"Basi alale wapi?"

"Unauliza kama hujui. Kwangu kuna chumba cha nyuma."

Ndivyo Reinhold na Hermina Pohl walivyoingia nyumbani kwake. Walitoka Grunthal, mji mdogo wa mpakani ambako karibu kila mtu alishona glavu. Hermina alikuwa mshonaji glavu tangu utotoni. Reinhold alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji kilichotoa gazeti la wafanyakazi. Hermina hakujua Kicheki zaidi ya asante na samahani. Reinhold alikijua, lakini alikisema kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba ya wengine, akigonga kila kitu.

"Mama mwenye nyumba," alisema asubuhi ya kwanza, amesimama wima uani kama askari, "kuni yako mimi nimepasua wote. Kuku mwekundu hiyo amekula kiatu yangu. Mimi nasamehe yeye."

Apolena aligeuka haraka kuelekea bandani, maana hakutaka Mjerumani amwone akicheka.

Jarolim hakucheka. Kwa siku za mwanzo alichukua sahani yake akaenda kula nje, kwenye ngazi. Mama yake alipomwambia kuna baridi, alijibu, "Nimezoea." Reinhold alipomsalimia, alimtazama kama mtu anayetazama ukuta. Apolena hakumlaumu. Yeye mwenyewe usiku alilala akisikiliza kikohozi cha upande wa pili na kujiuliza amemleta nani ndani ya nyumba ya marehemu mumewe.

Kilichovunja barafu hakikuwa maneno. Glavu za jeshi za Jarolim zilikuwa zimechanika kwenye vidole kwa kubeba nyaya za miba, naye alizitupa juu ya sanduku la kuni. Hermina alizichukua. Alikaa dirishani mchana mzima na sindano nyembamba, akiguna kidogo kwa kuchukizwa na kazi mbaya ya kiwanda, akafumua kidole kimoja kimoja na kukishona upya. Jarolim aliporudi alizikuta zimekunjwa vizuri. Akazivaa. Akafunga ngumi, akafungua. Kisha akamtazama mama yule, akasema kwa Kijerumani kibovu alichojifunza shuleni, "Zinanitosha kuliko zilivyokuwa mpya."

Hermina alijibu kitu, akacheka, akakohoa. Jioni ile Jarolim alikula mezani.

Na ndipo Reinhold alipoulizwa. Jarolim ndiye aliyeuliza, bila kupindisha: "Nyinyi mlikuwa huko huko. Mliwaachaje watu wa Hitler wakawa wengi hivyo?"

Reinhold aliweka kijiko chini. Alikuwa mtu mrefu mwenye masikio makubwa, na alipofikiri maneno ya Kicheki masikio yalikuwa mekundu.

"Kwanza wao wanataka kuandamana Jumapili. Soksi ndefu nyeupe, ngoma. Sisi tunasema: acha waandamane, miguu itachoka. Halafu wao wanataka ukumbi ya mazoezi. Baraza inatoa, ili ugomvi usikuwe. Halafu wao wanasema daktari Myahudi asitibu watu. Daktari yeye mtu mzuri, yeye alizalisha mke yangu mtoto, mtoto alikufa, yeye alilia pamoja na sisi." Akamtazama Hermina, ambaye alijua anachosimulia kwa kusikia jina la daktari tu. "Watu wanasema: daktari ana pesa, atapata mji mwingine. Akaenda. Halafu ndugu yangu, tumbo moja, anakuja na soksi nyeupe, anasema: Reinhold, vua beji ya chama, kwa ajili ya mama yetu, mama anaogopa. Kwa ajili ya mama mimi nilivua."

Aligusa kola yake, mahali pa beji.

"Wiki moja nilivua. Halafu nikavaa tena. Lakini wiki hiyo moja wao waliona. Kila ukimpa, njaa yake yeye si ndogo. Kubwa."

Apolena alimwongezea viazi bila kumuuliza.

*

Amri ilikuja kutoka wilayani katikati ya Oktoba. Prokop aliileta mwenyewe, si siku ya Jumapili, na bila kola safi. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mkononi.

"Wako wapi?"

"Wamekwenda msituni kuokota uyoga. Kaa. Umekuwa mweupe kama jibini."

Hakukaa. "Wajerumani wote waliotoka mpakani warudishwe walikotoka. Treni itapita Alhamisi mchana."

Apolena alikuwa anakanda unga. Mikono yake iliendelea yenyewe mara mbili tatu, kisha ikasimama.

"Warudishwe kwa nani, Prokop?"

"Nyumbani kwao."

"Nimekuuliza, kwa nani?"

"Berlin imelalamika. Wanasema tunawaficha wachochezi. Nchi yetu sasa haina ngome, haina mlima, haina rafiki. Tukiwapa kisingizio watakuja hadi hapa. Wameahidi kwamba wanaorudi hawatadhuriwa."

"Nani ameahidi?"

"Wao."

"Hao hao walioahidi kwamba wakipewa milima hawatataka kingine?"

Prokop alifuta uso kwa kofia. "Apolena, mwenye nguvu mpishe. Mimi si mtu mbaya, unanijua. Nina mji mzima mikononi. Wazee, watoto, wanawake. Hawa ni watu wachache tu. Tutulie, tusijitokeze, tusimtie mtu hasira. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na asipopita?" Apolena alisema. "Akivuta kiti, akaketi, akauliza kuna nini ndani ya kombe?"

"Si vizuri kunifanyia mzaha leo."

"Sikufanyii mzaha. Nakuuliza wewe, ambaye nimesema nitaolewa naye. Mwenye nguvu nitampisha njiani. Sitampisha kitandani mwa mgonjwa wangu."

"Ni watu wawili! Watu wawili kwa ajili ya amani ya mji mzima!"

"Hiyo ndiyo hesabu waliyotupigia Munich. Sisi ndio tulikuwa wale wachache. Ulilia, Prokop. Nilikuona nyuma ya kanisa, umeegemea ukuta, unalia kama mtoto. Sasa wamekupa wewe kalamu, na unaandika kama walivyoandika."

Aliyasema bila kupaza sauti, na pengine hilo ndilo lililomuuma zaidi. Prokop alivaa kofia, akaivua, akasema, "Askari Holub atakuja kuwachukua Alhamisi," akatoka. Aliporudisha mlango alifanya hivyo polepole, kama kawaida yake, usije ukagonga. Apolena alibaki na mikono ndani ya unga, akalia, kwa sababu alimpenda.

Jarolim alikuwa kwenye sanduku la kuni muda wote huo.

"Mama," alisema. "Utawaambia wakirudi, au niwaambie mimi?"

"Utawaambia nini?"

"Kwamba wasifunge mizigo. Mimi nimeshatii amri moja ya kuondoka. Imenitosha."

Reinhold alipoelezwa alisema hapana. Alisema yeye na mke wake si watoto, wanajua njia ya stesheni, na hawawezi kumponza mama mwenye nyumba. Alikuwa tayari ameanza kukunja mashati. Apolena alimnyang'anya shati.

"Bwana Pohl, kwako kuna nini?"

"Kwangu kuna ndugu yangu na soksi nyeupe," alisema. "Na nyuma yake kuna gari. Na gari inakwenda Dachau, kambi ya kufunga watu."

"Basi Alhamisi tunapika jamu," alisema Apolena. "Plamu zimeshaanza kunyauka, haziwezi kungoja. Nahitaji mtu mrefu wa kukoroga."

*

Kupika jamu ya plamu kule si kazi ya mtu mmoja. Sufuria la shaba huwekwa uani juu ya moto tangu alfajiri, na lazima likorogwe bila kupumzika mpaka jioni, kwa mwiko mrefu kama jembe, la sivyo linaungua chini na kazi ya mwaka inakuwa masizi. Kwa hiyo majirani huja, wakapokezana, wakasengenya. Apolena aliwaita wote. Bi Kvapilova alikuja na dada zake wawili na kiti chake. Hermina aliketi kwenye jua, amefungwa shali hadi kidevuni, akitoa kokwe kwa kasi ambayo hata Bi Kvapilova alisimama kuitazama.

"Vidole hivyo," alisema, "ningekuwa navyo ningekuwa tajiri au jela."

Jua lilipovuka utosini, askari Holub alisukuma baiskeli yake hadi langoni. Alikuwa mtu wa Zalesi, mtoto wa mfinyanzi, na Apolena alikuwa amefua nepi zake. Alisalimia, akavua kofia, akatazama sufuria, akatazama miguu yake.

"Mama Jarolim, nimekuja kwa wale watu wawili."

Wanawake waliacha kusema. Mwiko haukusimama, kwa kuwa Reinhold ndiye aliyekuwa anakoroga na hakujua afanye nini kingine.

"Hawa hapa," alisema Apolena. "Sikuwaficha. Huyu na huyu. Hawaendi."

"Usiniweke pabaya, mama yangu. Ni amri."

"Najua ni amri. Na mimi nakuambia hawaendi. Ukitaka kuwashika itabidi upite kwangu, na mimi nina sufuria zima la jamu ya moto."

"Na kwangu," alisema Jarolim. Alikuwa ametoka jikoni na koti lake la jeshi, safari hii vifungo vyote vimefungwa, na akasimama mbele ya Hermina. Hakuwa na silaha. Mikono yake ilining'inia ndani ya zile glavu.

"Na kwangu," alisema Bi Kvapilova, "na mimi si mwembamba, Holub, itakuchukua muda kunipita."

Mmoja wa dada zake alianza kucheka, na kicheko kikaenea, cha woga zaidi kuliko furaha. Apolena hakuwahi katika maisha yake kumkatalia mtu mwenye sare. Alifikiri: kumbe ndivyo ilivyo, unasema tu, na dunia haianguki palepale.

Holub alivaa kofia yake tena. "Basi nimwambie nini meya?"

"Mwambie aje mwenyewe."

Askari aliondoka. Hawakujua kama atarudi na wenzake. Waliendelea kukoroga. Upande wa stesheni walisikia treni ikiingia, ikakaa, ikakaa zaidi ya kawaida yake. Hermina aliacha kazi akatega sikio moja, kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo. Wenzake wa ukumbini walikuwa humo. Kisha filimbi ikalia, treni ikaondoka kuelekea milimani, na Hermina akainamisha kichwa juu ya beseni la plamu. Apolena aliketi kando yake kwenye ubao. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wala hawakujaribu. Walishikana mikono iliyojaa utomvu wa plamu hadi ikagandana.

Prokop alikuja kwa miguu, bila baiskeli, bila kofia. Alipita katikati ya wanawake kama haoni, akasimama mbele ya Apolena.

"Wameondoka," alisema. "Niliwasindikiza. Nilifikiri meya lazima awepo. Kulikuwa na yule mzee wa kofia ya kijani, aliyekuwa anawafundisha watoto kupiga filimbi pale ukumbini. Nilitaka kumbebea sanduku. Alinishika mkono akanishukuru. Alinishukuru, Apolena! Kwa majani makavu na supu. Akasema tulikuwa watu wema sana kwao."

Alijifunika uso kwa mikono yake minene.

Apolena alikuwa ameandaa maneno tangu asubuhi, maneno makali. Alipomtazama hakuyapata. Aliinuka, akamfuta uso kwa kona ya aproni yake, akampaka plamu shavu zima.

"Hawa wawili?" aliuliza.

Prokop alivuta pumzi. "Hawa wana kifua kikuu. Kinaambukiza. Hawawezi kusafiri. Nitapiga simu wilayani niseme hivyo."

"Mume wangu hakuna kifua kikuu," alisema Hermina ghafla, kwa Kicheki alichookota wiki zile, neno baada ya neno, na watu wote wakageuka, kwa maana hawakuwahi kumsikia akikisema.

"Sasa anacho, mama," alisema Prokop. "Tangu saa hizi anacho." Kisha akamnyang'anya Reinhold mwiko. "Nenda kakohoe ndani, bwana. Na ujizoeze vizuri."

Alipiga simu ile jioni. Apolena alikuwa pembeni yake ofisini, na aliona jasho likimtiririka shingoni akisema uongo kwa mkubwa wake kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Mkubwa alifoka. Prokop hakuomba radhi. Alirudia, "Ndiyo, bwana. Wote wawili. Vibaya sana," akaweka simu, akaketi sakafuni.

*

Walioana siku ya Mtakatifu Martin kama walivyopanga, na bata bukini aliliwa, na Reinhold alitoa hotuba ambayo ndani yake, kwa Kicheki chake kibovu, bibi harusi alikuwa kitu, bwana harusi alikuwa mti, na wageni walicheka hadi wakashika mbavu. Januari kamati moja ya Waingereza waliokuwa na haya kwa yaliyofanywa na serikali yao ilipata vibali kwa baadhi ya wakimbizi kama wao. Jarolim aliwasindikiza hadi Praha na kuwapandisha treni ya kwenda bandarini Poland. Hermina alimkumbatia Apolena mlangoni, akasema neno moja la Kicheki ambalo alikuwa amelifanyia mazoezi: "Dada."

Habari za wale wengine zilifika kidogo kidogo. Walipokewa stesheni ya kwanza baada ya mpaka na vijana wenye soksi nyeupe. Wanaume walipelekwa Dachau. Yule mzee wa kofia ya kijani alifia huko kabla ya Krismasi. Prokop alipoambiwa alifunga duka siku mbili. Hakupata kujisamehe kwa habari ya mzee yule, na Apolena hakumwambia ajisamehe. Alikaa naye tu.

Machi, theluji ikianguka kwa wingi, majeshi ya Hitler yaliingia katika sehemu iliyobaki ya nchi. Hawakuwa na kisingizio, maana hakuna aliyewanyima lolote; walikuja bila kisingizio. Magari yao yalijaa uwanja wa Zalesi kabla ya chakula cha mchana. Jarolim alikuwa ameshaondoka siku chache kabla, kwa miguu, kuelekea Poland, kutafuta jeshi lolote litakalompa bunduki na kumruhusu kuitumia. Mama yake alimpa mkate na soseji. Hakumzuia.

Afisa wa Kijerumani alifika nyumbani kwao na Holub akiwa mkalimani. Aliuliza kuhusu Reinhold Pohl, mchapaji, na mke wake.

"Wameondoka," alisema Apolena.

"Wapi?"

"Ng'ambo ya bahari. Sijui ni wapi hasa, lakini nasikia pana nafasi kubwa."

Afisa alimtazama Prokop, akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo yeye si meya tena, na kwamba ataitwa. Prokop aliitikia kwa kichwa. Afisa alipotoka, mikono ya Prokop ilianza kutetemeka, ile mikono iliyozoea spoku na mnyororo, ikatetemeka hata hakuweza kuishika meza. Apolena aliichukua, akaiweka kwapani mwake, ndani ya sweta, penye joto.

"Tuliwapa kila walichotaka," Prokop alisema. "Kila kitu."

"Si kila kitu," alisema Apolena.

Walikaa hivyo mpaka mikono ilipotulia. Kisha Prokop alisema kuna baiskeli ya mtoto wa mwokaji ameahidi kuitengeneza, na mtoto anaingoja. Apolena alimfunga skafu, akavaa koti lake. Nje, kipaza sauti juu ya gari la jeshi kilikuwa kinatangaza kwamba tangu sasa kila chombo kipite upande wa kulia, kama Ujerumani, si kushoto tena kama ilivyokuwa desturi ya nchi. Wao walishikana mikono, wakashuka barabarani polepole kwenye theluji, kwa upande wa kushoto.